Jina la Mtunzi Lisizikwe Naye: Kuwaenzi Wanamuziki wa Tabora Baada ya Mazishi

Mada kwa semina ya viongozi wa vikundi vya ngoma, walimu na watangazaji, Tura, Wilaya ya Uyui



Kwa majirani zetu Wasukuma, mcheza ngoma akiulizwa ni wa upande gani, jibu huwa moja kati ya mawili: ni wa Bagika au ni wa Bagalu. Vyama hivyo vya ngoma viliasisiwa na mafundi wawili waliokuwa washindani wakubwa, Ngika na Gumha. Wamekwishafariki zamani sana. Hawakuacha santuri wala picha ya video. Hata hivyo, kila mwaka msimu wa mashindano ya ngoma ya Bulabo unapofika pale Bujora, Kisesa, vijana ambao hata babu zao hawakuwaona watu hao huingia uwanjani kushindana chini ya bendera zao. Hiyo ndiyo heshima ninayotaka tuizungumze leo. Haikujengwa na serikali wala mfadhili. Ilijengwa na watu waliokataa kucheza ngoma bila kumtaja aliyeianzisha.

Tumekutana Tura, na mahali hapa pana haki ya kuitisha mazungumzo ya aina hii. Misafara iliyotoka Bagamoyo ikivuka Ugogo iliingia Mgunda Mkali, nyika ya kiu na njaa, na ilipoimaliza, Tura ndiyo iliyokuwa makazi ya kwanza ya Unyamwezi. Wapelelezi Waingereza Richard Burton na John Speke walipita hapa mwaka 1857. Wageni wa aina yao waliandika mengi: bei ya vitambaa, majina ya watemi, idadi ya mizigo, homa zao wenyewe. Waliandika pia kwamba wapagazi waliimba njia nzima, kirongozi, yaani kiongozi wa msafara, akitangulia na ngoma ikimfuata. Nani alitunga nyimbo hizo? Hawakuuliza. Pale Kwihara, nje kidogo ya mji wa Tabora, limetunzwa tembe alilokaa David Livingstone, na ni vizuri limetunzwa. Ila Wanyamwezi walioifanya njia hii ipitike kwa sauti zao hawana hata ubao wa jina. Siwalaumu sana wageni kwa hilo, maana hawakuwa wakiandika habari zetu, walikuwa wakiandika zao. Lawama inatuhusu sisi tulioendelea na mtindo huohuo wakati kalamu iko mikononi mwetu.

Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, ikifuata kwa kiasi kikubwa mkondo wa njia ya misafara. Tazameni muziki uliozaliwa kando yake. Morogoro kulikuwa na Salum Abdallah wa Cuban Marimba na Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro Jazz. Ugogo ilitoa Patrick Balisidya wa Afro 70 na Hukwe Zawose wa ilimba na zeze. Kigoma kulikuwa na Lake Tanganyika Jazz. Kutoka ng'ambo ya ziwa walikuja kina Remmy Ongala na Kikumbi Mwanza Mpango, yule King Kiki wetu. Wote niliowataja kwa majina wamefariki. Wanamuziki wa Tabora nimewaacha kwa makusudi, kwa sababu hao ni wa nyumbani na ninataka nikae nao.

Mji wa Tabora ulikuwa na Kiko Kids, bendi ya Salum Zahoro, iliyosikika tangu kabla ya Uhuru. Ulikuwa na Nyanyembe Jazz. Ulikuwa na Tabora Jazz, ambayo Shem Ibrahim Karenga, kijana aliyetoka Kigoma, aliiimbia miaka ya 1970 na kuipeleka redioni nchi nzima. Hata Western Jazz ya Dar es Salaam, wana wa mtindo wa Saboso, ilikuwa na mizizi huku: Iddi Nhende aliyeianzisha alitoka katika jimbo letu, na jina la bendi ni la Jimbo la Magharibi, ambalo makao yake makuu yalikuwa Tabora. Gitaa la solo la Rashid Hanzuruni katika bendi hiyo bado linafundisha wapiga gitaa wa leo, ingawa wengi wao hawajui wanafundishwa na nani. Na upande wa ngoma za asili tulikuwa na Mwinamila na kundi lake la Hiari ya Moyo.

Sasa jaribuni zoezi hili mkirudi makwenu. Mpigieni kijana wa miaka 25 wimbo wa Tabora Jazz. Atacheza. Atasema, "Hizi ndizo zilipendwa." Muulizeni ni nani anayeimba, nani anapiga besi, nani alitunga. Mtajionea wenyewe. Sauti tumeirithi, mwenye sauti tumempoteza. Mimi nasema huko si kukumbuka. Huko ni kuburudika na mali ya marehemu.

Upotevu huu una sababu zake. Ya kwanza ni namna bendi zetu zilivyokuwa. Vyombo vilikuwa vya chama, vya shirika au vya tajiri, na wanamuziki walikuwa waajiriwa. Wimbo ulitangazwa kwa jina la bendi. Mtazameni mwimbaji Muhidin Gurumo, aliyefariki Aprili 2014. Alikuwa NUTA Jazz tangu mwaka 1964, bendi ambayo baadaye iliitwa JUWATA, kisha OTTU, kisha Msondo Ngoma. Katikati hapo alikwenda Mlimani Park, akaenda pia Orchestra Safari Sound, akarudi Msondo. Anayetaka kukusanya kazi za mtu mmoja huyu lazima atafute chini ya majina sita au saba ya bendi. Kama kwa Gurumo, aliyeishi na kufanya kazi Dar es Salaam mbele ya waandishi wa habari wote, hali ndiyo hiyo, fikirieni mpiga ridimu wa Nyanyembe Jazz.

Redio nayo imechangia, japo redio ndiyo iliyotuokoa. Bila kanda za Radio Tanzania Dar es Salaam, ambayo leo ni TBC, tusingekuwa na nusu ya tunachokizungumza hapa. Bendi zilisafiri na vyombo vyao kutoka mikoani kwenda kurekodi pale, na kanda zikabaki. Lakini mtangazaji wa kipindi cha zilipendwa husema jina la bendi na jina la wimbo, kisha anaingia kwenye salamu za wasikilizaji. Watangazaji mliopo, ninyi ni ndugu zangu, nawaambia kwa upendo: sekunde kumi za kumtaja mtunzi na wapigaji hazipunguzi salamu za mtu. Siku hizi mtandao umeongeza fujo. Wimbo wa watu saba hupandishwa kwa jina la mmoja, na kosa likishawekwa hunakiliwa na kila anayefuata.

Wanamuziki wenyewe walijua hatari hii. Sikilizeni dansi la zamani kwa makini. Wimbo ukifika kwenye chemko, mwimbaji humwita mpiga solo kwa jina, humwita mpiga tumba, wakati mwingine hujitaja mwenyewe. Manju wa ngoma naye hivyo hivyo: hujitia ndani ya wimbo wake, jina na mahali alipotoka. Mtu anaweza kudhani ni majigambo tu. Kwangu huo ulikuwa ushahidi uliowekwa mahali pekee ambapo mtunzi alikuwa na uhakika hauwezi kung'olewa, yaani katikati ya wimbo wenyewe.

Ndugu washiriki, nije kwenye misiba. Katika kila msiba hapa kwetu huwapo mtu aliyeketi na daftari, anaandika rambirambi. Fulani elfu tano, fulani debe la mahindi, fulani kuni. Daftari hilo hutunzwa kwa uangalifu, maana michango ile ni deni la ujirani na itarudishwa siku ya mwenzako. Afapo mwanamuziki au mwigizaji, tunajaa. Aprili 2012, mwigizaji Steven Kanumba, mzaliwa wa Shinyanga, alipoagwa viwanja vya Leaders, Dar es Salaam, umati ulifurika kiasi cha watu kuzimia. Machozi yale yalikuwa ya kweli. Mwimbaji Bi Kidude alipofariki Zanzibar Aprili 2013, wakubwa wa nchi walikwenda kumzika. Hakuna anayeweza kutuambia hatujui kulia. Tatizo linakuja baada ya arobaini. Daftari la michango lina kila kitu, na hakuna mahali palipoandikwa marehemu alitunga nini.

Pendekezo langu ndilo hili. Msiba wa mwanamuziki, manju au mwigizaji uwe na daftari la pili, lifunguliwe siku ileile, wakati wenzake wote wamekusanyika. Siku hiyo huwa wamekuja wapiga besi waliotengana naye miaka 30. Watu hao hawatakutana tena mahali pamoja. Aandikwe jina lake kamili na jina la jukwaani, alikozaliwa, tarehe ya kufariki, bendi au vikundi alivyopitia kwa mfuatano, chombo alichopiga, nyimbo alizotunga na aliotunga nao, na nani ana kanda au picha zake. Wazee wabishane, kwani ubishi wa msibani hutoa ukweli mwingi. Nakala moja ibaki kwa familia, moja ofisi ya kijiji au mtaa, moja kwa afisa utamaduni wa wilaya.

Kwa nini nasisitiza tarehe ya kufariki na majina ya watunzi wenza? Hapa naomba tutulie kidogo, kwa sababu jambo hili familia nyingi hazilijui. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda kazi ya mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Wimbo uliotungwa na watu wawili, hesabu huanza pale wa mwisho wao anapofariki. Maana yake, kifo si mwisho wa mali, ni mwanzo wa hesabu. Salum Abdallah alifariki kwa ajali Novemba 1965, hivyo miaka 50 yake ilitimia 2015. Kumbukeni kwamba mwaka 2000 nyimbo zake zilitolewa kwenye CD huko Ujerumani, yaani ndani ya kipindi hicho. Mbaraka Mwinshehe alifariki kwa ajali Mombasa Januari 1979, na kipindi chake kinafika 2029. Mwimbaji Marijani Rajabu alifariki Machi 1995, hivyo ni hadi 2045. Shem Karenga wetu alifariki Dar es Salaam Desemba 2014. Wajukuu wake wana mpaka 2064.

Lakini haki hiyo haijileti nyumbani. Panahitajika cheti cha kifo kutoka RITA, wakala wa usajili, muhtasari wa kikao cha ukoo, msimamizi wa mirathi aliyethibitishwa na mahakama, kisha kazi zenyewe zitambulike COSOTA, taasisi inayosimamia hakimiliki. Na muhtasari wa kikao cha ukoo hapa kwetu huorodhesha nini? Shamba, ng'ombe, nyumba, baiskeli, pengine cherehani. Nyimbo hazimo. Ng'ombe watakufa kwa ukame na nyimbo zitaendelea kupigwa kwenye mabasi, baa na harusi. Wazee wa ukoo mliomo humu, naomba nyimbo ziandikwe miongoni mwa mali za marehemu, moja moja, kwa majina yake.

Wako waliofanya vizuri, na mifano yao iko karibu. Siti binti Saad alifariki mwaka 1950. Alikuwa amerekodi Bombay tangu 1928, lakini santuri peke yake isingetuambia alikuwa nani. Tunajua maisha yake kwa sababu Shaaban Robert, mshairi mkubwa, aliona maisha ya mwimbaji yanastahili kitabu kizima. Hukwe Zawose alifariki Desemba 2003, na ukoo wake haukuishia kutundika picha ukutani. Pendo na Leah Zawose, wanaojiita The Zawose Queens, walitoa albamu ya Maisha mwaka 2024, wakiimba na kupiga ala ambazo zamani zilihesabiwa kuwa za wanaume. Huko ndiko kumuenzi mtu ninakokupenda zaidi: kumtaja, kisha kuendelea pale alipoishia, hata kwa njia ambayo yeye hakuipita.

Sijazungumzia matamasha ya kumbukumbu, na baadhi yenu mtashangaa. Siyapingi. Ila nimechoka kuona sura ya marehemu kwenye fulana, mlangoni kiingilio kinakusanywa, na mjane ameketi viti vya nyuma bila bahasha. Tamasha lisilotoa fungu kwa familia lisitumie jina la marehemu. Huo ndio msimamo wangu.

Jambo la mwisho ni wanawake wa vijijini wanaotunga nyimbo za unyago, za harusi na za kulima. Hao hawakuwa na bendi, hawakurekodiwa redioni, na nyimbo zao huitwa "za asili" kana kwamba ziliota zenyewe porini. Kila moja ilitungwa na mtu. Katika kata hii ya Tura na zinazoizunguka hadi Igalula, wapo bibi ambao bado wanakumbuka nani alitunga wimbo gani na mwaka gani wa njaa au wa mavuno. Hao hawahitaji kusubiri msiba. Naomba kila kiongozi wa kikundi aliyeko hapa, wiki hii, amwendee mzee mmoja aliye hai, amrekodi kwa simu akitaja jina lake, nyimbo zake na waliomfundisha, na nakala ya sauti hiyo aipeleke kwa afisa utamaduni wa wilaya pamoja na karatasi iliyoandikwa majina kwa mkono.