Mkono Usioweza Kuukata: Ibada ya Miungu ya Maangamizi, Kutoka Karnak hadi Riwaya za Kinjozi



Kwa nini watu wenye akili timamu, wanaolima, wanaolea watoto na kujenga miji, wamwabudu mungu anayebomoa? Wahenga wametuachia jibu moja: mkono usioweza kuukata, ubusu. Yaani waliogopa, ndiyo maana wakapiga magoti. Jibu hilo ni la kweli, lakini ni nusu. Nusu iliyobaki ndiyo mada yangu leo.

Tuanzie Misri ya kale, kwa Sekhmet, mungu wa kike mwenye kichwa cha simba. Kisa chake kimechongwa katika makaburi ya wafalme, likiwemo la Seti wa Kwanza. Ra, mungu jua, amezeeka, na wanadamu wanamlia njama. Anawatumia Jicho lake, yaani mungu wa kike Hathor, anayeshuka kuwaadhibu. Katika kuua huko anageuka Sekhmet. Mauaji yanazidi hata Ra mwenyewe anaona huruma. Usiku huo inapikwa pombe, mitungi 7,000, inatiwa udongo mwekundu ifanane na damu, kisha inamwagwa mashambani. Kunapokucha mungu anainywa, analewa, na waliobaki wanasalimika.

Katika kisa hiki hatokei shujaa wa kumuua Sekhmet. Anatulizwa, na baada ya hapo watu wanaendelea kuishi naye. Ndiyo sababu ibada yake haikuisha. Huko Karnak, katika hekalu la mungu wa kike Mut, malkia Hatshepsut alijenga ukumbi wa ibada ya ulevi. Katika karne ya 14 kabla ya Kristo, mfalme Amenhotep wa Tatu akaagiza sanamu za Sekhmet kwa mamia, za jiwe jeusi gumu. Ukisimama mbele ya mojawapo utamwona ameketi wima, singa za simba zimezunguka uso, na mkononi ameshika ankh, alama ya uhai. Tauni ilihesabiwa kuwa yake, na uponyaji pia ulikuwa wake. Mafunjo ya Ebers, maandishi ya tiba ya yapata mwaka 1550 kabla ya Kristo, yanapoeleza namna ya kusikiliza moyo kwa kugusa kichwa, mikono na miguu ya mgonjwa, yanamtaja kuhani wa Sekhmet sambamba na tabibu. Mtumishi wa mungu wa tauni ndiye aliyeweka vidole mwilini mwa mgonjwa! Kwake, kumwabudu Sekhmet kulikwenda pamoja na kuujua ugonjwa na kukaa karibu na aliyeugua.

Sasa tuvuke hadi kusini mwa India, kwenye sanamu za shaba za Shiva Nataraja zilizosubuliwa enzi za wafalme wa Chola, karne ya 10 hadi ya 12. Shiva anacheza ndani ya duara la moto. Mkono mmoja wa nyuma umeshika ngoma ndogo, ambayo mlio wake ndio mwanzo wa uumbaji. Mwingine umeshika ndimi za moto unaoteketeza. Mkono wa tatu umeinuliwa kumwambia mja asiogope, na wa nne unaelekeza kwenye mguu ulionyanyuliwa, kimbilio lake. Mguu uliobaki umemkanyaga kibeti Apasmara, ujinga wenyewe. Chini ya sanamu nyingi za aina hii kuna matundu ya kupitishia miti, maana siku ya sherehe mungu hubebwa mabegani mwa watu na kutembezwa mitaani. Ngoma na moto viko katika mwili mmoja, wala huwezi kuchukua kimoja ukaacha kingine.

Riwaya za kinjozi zimerithi miungu hii, na nyingi zimechukua moto zikaiacha ngoma. Waabuduo wanakuwa wendawazimu wanaotamani dunia iishe, na hakuna anayeuliza wanapata nini. Waandishi wakubwa wameuliza. Katika The Silmarillion ya Tolkien, iliyochapishwa mwaka 1977, watu wa Númenor wanamjengea Melkor hekalu na kuchinja wenzao ndani yake ili wao wenyewe waepuke kifo. Wanamwabudu mharibifu kwa sababu wanakataa kubadilika, na gharama wanawabebesha wengine. Ursula K. Le Guin naye, katika The Tombs of Atuan, anatuonyesha Tenar, mtoto aliyenyang'anywa jina ili awe kuhani wa nguvu za giza. Mchawi Ged hamwambii kwamba nguvu hizo hazipo. Anamwambia zipo, ila hazistahili ibada, kwa kuwa haziwezi kuumba chochote.

Kutokana na hayo napendekeza maswali mawili ya kumpimia mungu yeyote wa maangamizi, awe wa hekaluni au wa riwayani. Anarudisha nini? Na sadaka yake inalipwa na nani? Sekhmet anarudisha uponyaji, na sadaka yake katika kisa ni pombe. Melkor harudishi kitu, na sadaka yake ni damu ya jirani.

Maswali haya yanatuhusu sisi tunaoandika kwa Kiswahili. Euphrase Kezilahabi, katika Mzingile (1991), alithubutu kutupitisha katika dunia iliyoteketea akitafuta mwanzo mpya. Njia ile bado ina nafasi. Wanafunzi wangu, mkiumba miungu inayobomoa, msiishie kwenye kishindo na majivu. Wapeni waabudu wao akili, hofu na mahitaji ya kweli; semeni wazi nani anachinjwa na nani anapona. Mkono usioweza kuukata, watu wa kale waliubusu, ndiyo, lakini pia waliuchunguza na kuudai dawa. Kazi hiyo ya kudai inastahili kuandikwa upya, na ninyi mnaiweza.