Msomaji Haanzi Upya Kidato cha Kwanza: Kusoma na Kuandika Kiingereza katika Shule Zetu



Hoja yangu jioni ya leo ni moja. Wanafunzi wetu hawatajua kusoma na kuandika Kiingereza kwa sababu tu wamekatazwa Kiswahili. Watajua wakishakuwa wasomaji hasa katika lugha wanayoielewa, wakapewa vitabu vingi vya Kiingereza vinavyolingana na uwezo wao, na wakaandika mara kwa mara kuhusu walichokisoma.

Mlango wa Kidato cha Kwanza

Tangu mwaka 1967 Kiswahili ndiyo lugha ya kufundishia katika shule za msingi za serikali nchini Tanzania. Mtoto husoma hisabati na sayansi kwa lugha anayochezea na kuotea ndoto, na Kiingereza hukisoma kama somo. Akivuka kwenda sekondari, karibu kila kitu kinageuka. Baiolojia, Jiografia na Fizikia humjia kwa Kiingereza, na kozi ya utangulizi ya majuma machache ndiyo inayotarajiwa kumvusha.

Mwaka 1984 Clive Criper na William Dodd waliandika ripoti kuhusu hali ya Kiingereza katika elimu yetu. Walionyesha kuwa kiwango cha wanafunzi wengi wa sekondari hakikutosha kujifunzia masomo mengine. Miaka arobaini imepita, na mwalimu yeyote wa Kidato cha Kwanza aliyemo ukumbini humu anaweza kueleza kinachotokea darasani. Mwalimu huandika notsi ubaoni, wanafunzi wakanakili. Daftari linajaa, mwandiko unapendeza, lakini ukimwuliza mwanafunzi aya aliyoiandika inasema nini, anakaa kimya.

Utafiti wa usomaji unatusaidia kuuelewa ukimya huo. Paul Nation wa New Zealand na wenzake wameonyesha kuwa ili mtu asome peke yake na kuelewa, inampasa ajue takribani maneno 98 katika kila maneno 100 yaliyo mbele yake. Mfikirie mtoto wetu na ukurasa wa kwanza wa kitabu cha Baiolojia. Maneno asiyoyajua yanafuatana mstari kwa mstari, hata hana pa kushika. Kukariri ndiyo njia pekee aliyobakiziwa, na tunakosea sana tunapomwita mvivu.

Ushahidi wa Ife, Malawi na Zambia

Wazazi wengi huamini kuwa dawa ni kuanza Kiingereza mapema na kukiweka Kiswahili kando. Naiheshimu hofu yao, maana wanamtakia mtoto maisha mema. Lakini Afrika imekwisha kulijaribu jambo hili, na majibu yapo.

Kuanzia mwaka 1970, huko Ile-Ife nchini Nigeria, Profesa Babs Fafunwa na wenzake walisomesha watoto kwa Kiyoruba miaka yote sita ya shule ya msingi. Kiingereza kilifundishwa kama somo na mwalimu aliyebobea katika kazi hiyo. Watoto hao walilinganishwa na wenzao waliohamia kwenye Kiingereza baada ya miaka mitatu. Waliosoma kwa Kiyoruba hawakuachwa nyuma katika masomo mengine, wala katika Kiingereza chenyewe.

Katika miaka ya 1990, mtafiti Eddie Williams alipima usomaji wa wanafunzi wa Malawi na Zambia. Wakati huo watoto wa Malawi walifundishwa kwa Chichewa miaka minne ya mwanzo, na wa Zambia kwa Kiingereza tangu darasa la kwanza. Walipofika mwaka wa tano, hapakuwa na tofauti ya maana kati yao katika kusoma Kiingereza. Katika lugha ya nyumbani, ambayo pande zote mbili karibu ni ile ile, watoto wa Malawi walikuwa mbele sana. Wale wa Zambia walitoa mhanga usomaji wa lugha yao na hawakupata Kiingereza zaidi.

Sababu yake inaeleweka. Kutafuta wazo kuu, kubashiri kinachofuata na kugundua kuwa umepotea ukarudi nyuma ni stadi ambazo mtu hujifunza mara moja, kisha akazihamishia lugha nyingine. Kinachobaki kujifunza upya ni msamiati, sarufi na tahajia. Hapo Kiingereza kina ugumu wake: mtoto aliyezoea irabu tano zenye sauti zilezile siku zote anakutana na *though*, *through* na *enough*. Afundishwe hilo wazi, kwa utaratibu, bila kuchekwa.

Vitabu vitoke kabatini

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, watafiti Warwick Elley na Francis Mangubhai walipeleka vitabu 250 vya hadithi katika kila darasa walilolichagua kwenye shule za vijijini za Fiji, ambako watoto hujifunza Kiingereza kama lugha ya pili. Baada ya miezi minane hivi, watoto hao walikuwa wanaendelea katika kusoma kwa kasi karibu maradufu ya kawaida. Mwaka wa pili faida ilienea hadi stadi nyingine za lugha, kuandika kukiwemo.

Kwetu pia, mwishoni mwa miaka ya 1980, mradi uliofadhiliwa na Uingereza ulipeleka sekondarini vitabu vya hadithi vilivyorahisishwa kwa ngazi. Mwaka 1991 ukaanza Mradi wa Vitabu vya Watoto, uliowapa watoto wetu hadithi za Kiswahili zilizoandikwa na Watanzania. Yote mawili yanahitajika: Kiswahili cha kumfanya mtoto apende kusoma, na Kiingereza chepesi cha kumwongezea maneno.

Lakini kitabu kilichofungiwa kabatini kwa kuogopa kupotea hakimfundishi mtu. Kuchakaa mikononi mwa wanafunzi ndiyo kazi yake. Shule itenge dakika ishirini kila siku za kusoma kimya, mwanafunzi achague kitabu anachokimudu, na mwalimu naye asome mbele yao.

Kuandika ili kufikiri

Kunakili si kuandika. Mwanafunzi huandika pale anapotafuta mwenyewe la kusema. Mwalimu mwenye wanafunzi themanini hawezi kusahihisha insha themanini kila juma, nami simdai hivyo. Aombe aya moja fupi: hadithi uliyosoma jana, ni nani aliyekosea, na kwa nini? Wanafunzi wajadiliane kwanza, hata kwa Kiswahili, ili wazo lipatikane kabla ya kupigana na lugha. Waandike rasimu, wasomeane wawili wawili, warekebishe. Mwalimu akusanye madaftari kumi leo, kumi kesho.

Katika kusahihisha, achague kosa moja au mawili kwa wakati. Mtoto anayechanganya *he* na *she* anatoka katika lugha ambayo kiambishi kimoja humtaja mwanamume na mwanamke. Anayeandika *My father he is a farmer* amebeba kiambishi cha nafsi cha Kiswahili akakipeleka Kiingereza. Makosa hayo yana mantiki, na mwalimu anayekijua Kiswahili ndiye awezaye kumwonyesha mwanafunzi mantiki hiyo. Ukurasa uliojaa wino mwekundu humfundisha jambo moja tu, yaani kuandika kidogo ili akosee kidogo.

Kazi hii si ya mwalimu wa Kiingereza peke yake. Mwalimu wa Jiografia anapomtaka mwanafunzi aeleze mvua inavyotokea kwa sentensi tano zake mwenyewe, anafundisha Jiografia na anafundisha kuandika.

Ombi langu

Walimu wakuu, fungueni makabati, na kitabu kikipotea msimwadhibu mwalimu aliyekiazimisha. Ondoeni adhabu kwa mtoto aliyesema Kiswahili, kwa kuwa anayeogopa kusema hawezi kuandika. Wazazi, msomeeni mtoto kwa lugha mnayoijua. Mnakijenga Kiingereza chake kwa namna ambayo huenda hamkuitarajia.

Nasi wa chuo kikuu tusiwaachie wengine mzigo. Kila mwaka tunawapeleka wanafunzi wetu wa ualimu shuleni kwa mazoezi ya kufundisha. Napendekeza kuanzia mwaka huu kila mmoja wao aende na mkoba wa vitabu vya hadithi vya lugha zote mbili, aendeshe kipindi cha kusoma kila siku, awaandikishe wanafunzi aya moja kila juma, na tumpime kwa hilo kama tunavyompima kwa andalio la somo. Jambo hili liko ndani ya uwezo wetu, na halihitaji kusubiri sera mpya.