Bruxelles na Paris: umbali wa kweli

(Hotuba kwa mkutano wa wanachama)



Mara nyingi wanachama wanatuuliza: "Mtoto wangu yuko Bruxelles, mkubwa wake yuko Paris. Ni masaa ngapi kwa ndege?" Jibu ni fupi. Kwa mstari ulionyooka ni karibu kilometa 264. Kwa barabara ni kama 310, karibu sawa na kutoka hapa Lubumbashi mpaka Kolwezi. Angani, ndege haimalizi saa moja.

Lakini sisi tulioishi kule tunajua kama saa moja ile si safari yote. Kiwanja cha Zaventem kiko nje ya mji, na cha Roissy kiko kama kilometa 25 toka katikati ya Paris. Weka na muda wa kungojea, kupekuliwa na kutafuta mizigo: asubuhi nzima imekwisha. Ndiyo maana watu wa kule wanapanda treni. Tangu njia ya treni ya mwendo wa kasi ilipofika Bruxelles mwaka 1997, kutoka Gare du Midi mpaka Gare du Nord ni karibu saa 1 na dakika 25. Mwenye pesa kidogo anapanda basi, masaa 4 ao zaidi.

Hapo bado hatujasema neno lenyewe: makaratasi. Kati ya Ubelgiji na Ufaransa hakuna kizuizi barabarani, lakini polisi anaweza kukuomba kitambulisho ndani ya treni. Mwenye karte ya ukaaji ya Ubelgiji na pasipoti halali anaruhusiwa kukaa Ufaransa hadi siku 90 katika kila siku 180. Lakini yule anayengojea jibu la ukimbizi, mwenye karte ya rangi ya machungwa, karte ile haimpi ruhusa ya kuvuka. Wengi wetu tuliibeba. Kwetu, Paris haikuwa saa moja, ilikuwa miaka. Kuna waliolilia ndugu yao kwenye simu, na treni zinaondoka kila siku mbele ya macho yao.

Kwa hiyo tunaomba mambo mawili. Kwanza, familia ikikuja kwenye mfuko wetu juu ya safari ya msiba ao ya ugonjwa, tuangalie makaratasi mbele ya kuhesabu tikiti. Tikiti ya bei rahisi mara nyingi hairudishiwi pesa. Msafiri akizuiwa, mchango wa watu wengi umepotea, na maiti imezikwa bila yeye.

Pili, ninyi wafadhili, mkiona kwenye hesabu zetu tumelipa wakili kwanza, kisha treni, wala si ndege, mjue sababu. Kilometa zile ni chache. Ruhusa ndiyo iko mbali, na huko ndiko msaada wenu unafikisha mtu.