Fedha za Mwanafunzi Huishia Njiani



Jumamosi iliyopita nilihudhuria mkutano wa wazazi katika shule ya msingi anakosoma mjukuu wangu, hapa hapa Dar es Salaam. Jambo lililotuita lilikuwa moja tu, mchango. Mwalimu Mkuu alieleza kwa upole kwamba chaki zimekwisha, mlinzi anadai, na karatasi za mtihani wa majaribio hazina wa kuzilipia. Kwa hiyo kila mzazi anaombwa, kwa hiari yake, atoe shilingi 2,000 kwa mwezi. Tukanyamaza, kama ilivyo desturi yetu mbele ya mwalimu. Ndipo aliposimama mzee mmoja aliyekaa nyuma, fundi viatu ninayemfahamu kwa sura.

"Mwalimu, naomba kuuliza. Zile fedha za serikali za kila mtoto zimefika kiasi gani?"

"Zinakuja kidogo kidogo, mzee wangu."

"Nimesikia, mwalimu. Lakini zimefika kiasi gani?"

Watu wakacheka. Mimi sikucheka, kwa kuwa swali la mzee yule ndilo walilolifanyia kazi wachumi wawili nchini Uganda, Ritva Reinikka na Jakob Svensson, na jibu walilolipata linastahili kusikika hata leo.

Katika nusu ya kwanza ya miaka ya 1990, serikali ya Uganda ilikuwa ikiongeza fedha za elimu ya msingi, lakini takwimu za wanafunzi hazikuonyesha kuongezeka. Basi mwaka 1996 zikachunguzwa shule za msingi za serikali 250. Kazi yenyewe haikuhitaji ujuzi wa ajabu. Zilichukuliwa hesabu za serikali kuu, kuona ni kiasi gani kilitolewa kwa ajili ya kila shule kati ya mwaka 1991 na 1995, kisha zikafunguliwa hesabu za shule zenyewe, kuona ni kiasi gani kilipokewa. Sizungumzii mishahara ya walimu. Nazungumzia ruzuku ya kila mwanafunzi, ile ya vitabu, chaki na mahitaji mengine ya kuendeshea shule.

Ilionekana kwamba, kwa wastani, katika kila shilingi 100 za ruzuku hiyo zilizofika shuleni zilikuwa 13. Zilizobaki ziliishia njiani, na sehemu kubwa ilikwama mikononi mwa maofisa na wanasiasa wa wilayani. Shule nyingi hazikuona hata senti. Na katika miaka hiyo hiyo wazazi wa Uganda ndio walikuwa wakibeba sehemu kubwa ya gharama za shule kwa michango yao.

Wengi wakisimulia habari hii huishia hapo, wakatingisha kichwa na kulaani wezi. Lakini kwangu mimi jambo zito zaidi linafuata. Hiyo 13 ni wastani, na wastani huficha mengi. Wachumi wale walipotazama ni shule zipi zilizopata zaidi na zipi zilizopata kidogo, waliona kwamba shule zilizo katika jamii zenye uwezo ndizo zilizofanikiwa kujipatia fungu kubwa la haki yao. Ukifikiri kidogo hutashangaa. Shule yenye wazazi wenye nafasi ina Mwalimu Mkuu mwenye nauli ya kwenda wilayani leo, na kesho kutwa akarudi tena. Katika kamati yake yumo karani, yumo mfanyabiashara, yumo mtu aliyesoma na bwana fulani wa ofisi ya fedha. Wakiambiwa "njooni wiki ijayo", wiki ijayo wanakuja kweli. Shule ya wakulima maskini haina mtu wa namna hiyo. Mwalimu wake huenda hata hajui kwamba ipo ruzuku ya kudai.

Kwa hiyo bajeti ilivyoandikwa ilimhesabu kila mtoto sawa na mwenzake, lakini matumizi yenyewe yalimpendelea mtoto wa mwenye nacho. Waziri angeweza kusimama bungeni na kusema kwa moyo mweupe kwamba fedha zimegawanywa kwa usawa, na karatasi zingemuunga mkono. Ndiyo maana, mtu anaponisomea tarakimu za bajeti kuwa ni ushahidi kwamba maskini wamekumbukwa, humsikiliza kwa adabu, halafu namuuliza swali la fundi viatu.

Serikali ya Uganda, tuipe haki yake, haikuyafungia kabatini matokeo hayo. Ilianza kuchapisha magazetini kiasi cha fedha kilichopelekwa katika kila wilaya, na shule nazo zikatakiwa kubandika mahali pa wazi kile zilichopokea. Mwaka 2001 ulipopimwa tena, shule zilikuwa zikipata, kwa wastani, zaidi ya shilingi 80 katika kila 100. Ninyi mnaoyasoma maneno haya gazetini mtafurahi kusikia kwamba shule zilizokuwa karibu na mahali panapouzwa magazeti ndizo zilizonufaika zaidi, na walimu wakuu wake walizifahamu zaidi taratibu za ruzuku. Furahini, lakini msisahau upande wa pili wa habari hiyo, kwamba shule ya mbali, isikofika gazeti, ilibaki nyuma tena.

Wapo waliosema baadaye kwamba gazeti limepewa sifa kupita kiasi, kwa sababu katika miaka hiyo hiyo serikali ilifanya mageuzi mengine ya fedha, na mwaka 1997 ilifuta ada za shule za msingi, hata macho ya nchi nzima yakaelekea shuleni. Naona wana hoja. Gazeti peke yake halimwogopeshi mtu asiye na wa kumwuliza.

Sasa turudi nyumbani. Na sisi tulifuta ada za shule za msingi, tukaanza mwaka 2002 Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, MMEM, ukiwa na ruzuku ya dola 10 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka. Wakati ule dola hizo zilikuwa karibu shilingi 10,000. Mwaka 2016, ilipoanza elimu bila ada hadi kidato cha nne, kiwango cha shule ya msingi kilikuwa bado ni zile zile shilingi 10,000. 6,000 ziende shuleni, 4,000 zibaki kwa ajili ya vitabu. Lakini dola moja ilikuwa imeshapita shilingi 2,100, na bei ya chaki haikusimama kuingoja wizara. Hapo ruzuku haikuibwa na mtu. Ilipungua yenyewe, kimya kimya, na hilo huwezi kulikamata kwa kubandika karatasi ukutani.

Kuna utafiti mwingine, wa hapa kwetu, ambao mtu mwaminifu hawezi kuuruka. Mwaka 2013 na 2014, katika shule 350 za wilaya 10, shirika la Twaweza na wachumi wakiongozwa na Isaac Mbiti walifanya jaribio la KiuFunza. Shule nyingine zilipewa shilingi 10,000 kamili kwa kila mwanafunzi, moja kwa moja. Nyingine walimu wake wa darasa la kwanza hadi la tatu waliahidiwa zawadi ya fedha kwa kila mtoto atakayefaulu Kiswahili, Kiingereza au Hesabu. Nyingine zikapata vyote viwili, na nyingine hazikupewa chochote ili ziwe za kulinganishia. Shule zilizopata fedha tu, watoto wake hawakuwapita wenzao kimasomo. Zilizopata vyote viwili, waliwapita waziwazi.

Najua wako watakaoudaka utafiti huu na kusema, mnaona, fedha hazisaidii, kwa nini tuziongeze? Hawajausoma vizuri. Ile zawadi ilizaa matunda ya uhakika pale ilipokutana na fedha za kutosha za kuendeshea shule. Mwalimu mwenye ari asiye na kitabu, na kitabu kilichofungiwa kabatini, vyote viwili ni hasara. Na binafsi naona haya kidogo kwamba mwalimu wa Tanzania aahidiwe fedha kwa kila kichwa ndipo afundishe kusoma. Lakini haya zangu hazibadilishi matokeo ya mtihani.

Mkutano wetu uliamua shilingi 2,000. Mimi nililipa pale pale. Fundi viatu aliomba asubiriwe hadi mwisho wa mwezi, na Mwalimu Mkuu, ambaye kwa kweli ni mtu mwema, aliahidi kwamba hesabu ya fedha zilizopokewa itabandikwa kwenye ubao wa matangazo karibu na lango. Jana nilipita pale. Palikuwa na ratiba ya mtihani na tangazo la mchango.