Mheshimiwa Amerudi Salama, Mzigo Uko Wapi?



Juzi nilikuwa na shughuli zangu Kibaha, na kabla sijazifikia nikaingia katika kibanda cha kinyozi pale Maili Moja nipunguze nywele. Kinyozi alikuwa anamhudumia mzee mmoja, na sisi wengine wanne tumekaa kwenye benchi tukisubiri zamu. Televisheni iliyotundikwa ukutani ilikuwa inaonyesha kiongozi wa nchi fulani akishuka kwenye ndege: zulia jekundu, mtoto na shada la maua, gwaride, na wapiga picha wakirudi kinyumenyume. Hakuna aliyejua ni kiongozi wa wapi. Lakini hiyo ilitosha. Mara moja mazungumzo yakahamia kwetu.

Kijana mmoja akasema, "Huyo kama yule wetu wa Msoga. Vasco da Gama." Mzee aliyekuwa ananyolewa akamjibu bila kugeuza shingo, maana wembe ulikuwa karibu na sikio. "Kijana, yule alitufanya tujulikane. Nani alikuwa rais wa kwanza kutoka Afrika kupokewa na Obama pale White House?" Kijana akauliza, "Sawa babu, lakini mimi niliingia naye?" Kibanda kizima kikaangua kicheko, na hata mzee mwenyewe akacheka, kinyozi akaondoa wembe haraka.

Lazima nikiri kwamba enzi za Rais Kikwete, yaani kuanzia mwisho wa 2005 hadi 2015, mimi nilikuwa upande wa yule kijana. Nilikuwa nahesabu. Kila nikisikia ndege imeondoka, naongeza moja. Nilifurahi sana kuhesabu, kwa sababu kuhesabu ni kazi rahisi na humfanya mtu ajione mchambuzi. Na mzee alisema kweli kuhusu Obama, ilikuwa Mei 2009. Mwaka mmoja kabla ya hapo, Februari 2008, Rais Bush alikuwa amekuja Dar es Salaam na ukatiwa saini msaada wa Changamoto za Milenia wa dola milioni 698. Kwa hiyo wasaidizi wa Rais walipotuambia kwamba safari zinaleta neema, hawakuwa wanabuni tu. Sisi tulihesabu ndege, wao wakahesabu dola, na kila upande ukabaki na daftari lake.

Nilipotoka kwa kinyozi nikapanda gari kwenda Tumbi, na hapo ndipo daftari langu lilipoanza kunisuta. Tumbi ni sehemu ya Shirika la Elimu Kibaha. Wenyeji wanaijua hospitali, wanaijua sekondari, lakini wengi wa vijana hawajui kwamba mahali pale palianza mwaka 1963 kwa ushirikiano wa serikali ya Tanganyika na nchi za Nordiki, zikiwamo Denmark, Norway, Sweden na Finland. Lengo lilikuwa kupambana na maadui wale watatu wa enzi ya Mwalimu: ujinga, maradhi na umaskini. Januari 1970 wenzetu wakatukabidhi kila kitu wakaondoka. Miaka saba tu, na leo zaidi ya nusu karne baadaye wagonjwa wa ajali za barabara ya Morogoro bado wanakimbizwa Tumbi.

Na nani alisoma sekondari pale Kibaha? Jakaya Kikwete, mtoto wa Msoga. Kwa hiyo huyu tuliyemlaumu kwa kupenda nchi za nje alikuwa amekaa darasani katika matunda ya urafiki na nchi za nje. Sioni ajabu aliamini kwamba ukienda kugonga mlango wa mtu, unaweza kurudi na shule.

Lakini ngoja, ndugu msikilizaji, usidhani nimehamia kwa mzee wa kwa kinyozi. Hapo hapo Kibaha kuna kiwanda cha viuadudu. Mwishoni mwa 2009 Rais Kikwete alifika Cuba, na katika kushirikiana na shirika la Kicuba la Labiofam, Shirika letu la Maendeleo la Taifa, NDC, likajenga kiwanda cha dawa ya kibayolojia ya kuua viluwiluwi wa mbu. Dawa hii haipuliziwi chumbani. Inamwagwa kwenye madimbwi na mitaro, mbu anafia majini kabla hajaota mbawa. Kiwanda kilifunguliwa Julai 2015, kikiwa na uwezo wa kutengeneza lita milioni 6 kwa mwaka. Siku ya ufunguzi kamera zilikuwapo, na Waziri Mkuu wa Ethiopia wa wakati huo, Hailemariam Desalegn, alikuwapo.

Miaka miwili baadaye, Juni 2017, Rais Magufuli akapita Kibaha katika ziara ya Mkoa wa Pwani. Akakuta nini? Dawa ipo, wanunuzi hawapo. Nchi hii inayozika watoto kwa malaria ilikuwa na dawa ya mbu ghalani, na halmashauri zake zilikuwa hazinunui. Ikabidi Rais atoe amri halmashauri zikachukue dawa.

Jambo hilo limenikaa moyoni kuliko hesabu zote za ndege. Safari ya Cuba ilizaa kiwanda, hilo halina ubishi. Kilichokwama hakikukwama Havana, kilikwama kati ya Kibaha na ofisi za halmashauri, mahali ambapo hakuna zulia jekundu wala mpiga picha. Sisi tuliokuwa tunalalamikia safari hatukwenda hata siku moja kuuliza lita ngapi zimetoka pale getini. Na wale waliokuwa wanaisifu safari hawakwenda pia. Picha ya kupeana mikono ilikuwa imekwisha kuchapishwa ukurasa wa mbele, na gazeti la siku hiyo limekwisha kufungiwa vitumbua.

Nisije nikaonekana nasamehe gharama. Novemba 20, 2015, Rais Magufuli alipolihutubia Bunge Dodoma, alitaja fedha zilizotumika kwa safari za nje katika miaka miwili ya fedha, 2013/14 na 2014/15: shilingi bilioni 356.3. Tiketi za ndege peke yake zilikula bilioni 183.1, posho bilioni 104.5, na mafunzo bilioni 68.6. Hizo hazikuwa safari za Rais peke yake, ilikuwa serikali na mashirika yake yote, na hapa mara nyingi sisi wasemaji huchanganya kwa makusudi ili hasira ipande. Hata hivyo ni fedha za kutisha. Magufuli akafunga bomba: hakuna mtumishi kutoka nje bila kibali. Yeye mwenyewe katika urais wake wote, hadi alipofariki Machi 2021, hakuvuka mipaka ya Afrika.

Tukashangilia. Nami nilishangilia. Ila angalia jambo hili: kutosafiri nako kulikuwa na kamera zake. Desemba 9, 2015, sherehe za Uhuru ziliahirishwa, na Rais akapigwa picha akizoa taka Feri, Dar es Salaam. Picha ile ilizunguka dunia nzima bila yeye kupanda ndege. Halafu Juni 2017, katika ziara ile ile ya Pwani, akafika Mlandizi kuzindua upanuzi wa mtambo wa maji wa Ruvu Juu, kutoka lita milioni 82 kwa siku hadi lita milioni 196. Fedha zilitoka wapi? Mkopo wa India. Na mazungumzo ya mkopo huo yalikuwa ya enzi ya Kikwete. Mwaka 2011 Waziri Mkuu wa India, Manmohan Singh, alikuja Dar es Salaam. Rais asiyesafiri alikata utepe wa mradi uliotokana na diplomasia ya rais msafiri. Haikuwa dhambi, serikali ni moja. Lakini sikumbuki gazeti lililoliandika hivyo.

Nitakwambia kwa nini nimeyataja maji ya Ruvu Juu. Kesho yake nilikwenda Kisarawe. Nilirudi Dar es Salaam kwanza, nikapitia Gongo la Mboto na Pugu, gari likapanda kile kilima taratibu, na hewa ikabadilika kama kawaida yake. Mjini Kisarawe nikaomba maji ya kunawa kwa mama mmoja muuza mihogo ya kuchoma. Akafungua bomba. Nikamwamkia, nikamuuliza, "Mama, maji haya ya wapi?" Akasema, "Ya Kibamba, mwanangu." Kumbe ni yale yale. Yanatoka mtambo wa Ruvu Juu, yanafika Kibamba, kisha yanasukumwa kupanda Kisarawe. Mradi wa kuyafikisha huku uligharimu shilingi bilioni 10.6, fedha za makusanyo ya DAWASA yenyewe, na Rais Magufuli aliuzindua Juni 2020. Mnafanya hesabu? Bilioni 356 zile zingejenga miradi kama huu zaidi ya 30. Hapo ndipo ubishi wa yule kijana wa Maili Moja unapopata nguvu.

Na Kisarawe ina daftari lake jingine. Miaka ile ya Kikwete neno lililotetea safari kuliko jingine lolote lilikuwa "wawekezaji". Tunakwenda nje kuwaita wawekezaji. Sasa katika vijiji 11 vya wilaya hii, kama Muhaga, Mtamba na Marumbo, alikuja mwekezaji kutoka Uingereza, kampuni ya Sun Biofuels. Kufikia 2009 ilikuwa na hati ya miaka 99 ya hekta 8,211, ili kupanda mibono, ile miti ambayo zamani tuliijua kwa kuzungushia makaburi, ikamuliwe mafuta ya kuendeshea magari. Wanavijiji waliahidiwa ajira, zahanati, shule na visima. Mwaka 2011 kampuni ikaishiwa pumzi, mamia ya wafanyakazi wakarudishwa makwao, na shamba likaingia mikononi mwa wenye mtaji wengine. Malalamiko ya fidia yakabaki, na malalamiko ya watu ambao visima vyao na makaburi ya wazee wao vilikuwa ndani ya mipaka ya shamba.

Sisemi kwamba kampuni ile ililetwa na safari fulani ya Rais. Sina ushahidi huo na sitausema kwenye redio. Ninachosema ni kwamba mwekezaji akiwa bado ahadi huandikwa kwa herufi kubwa, na akishakuwa kisima kilichozungushiwa uzio hugeuka kuwa jambo la afisa mtendaji wa kijiji.

Kikwete, tumpe haki yake, alikuwa na desturi ya kulihutubia taifa kila mwisho wa mwezi, na humo mara kadhaa alieleza safari zake. Ilikuwa desturi nzuri. Lakini ilikuwa taarifa ya mtu aliyetoka sokoni akaeleza bei, bila kufungua kapu. Rais Samia naye alipokwenda Dubai kwenye maonyesho ya Expo, Februari 2022, tuliambiwa zimetiwa saini hati 36 za makubaliano zenye thamani ya shilingi trilioni 17.35. Miezi miwili baadaye ikazinduliwa New York filamu ya Royal Tour, Rais akiwa ndiye mtembezi wa mtangazaji wa Kimarekani katika mbuga na fukwe zetu. Watu wakagawanyika vile vile kama kwa kinyozi: hawa wanasema ametutangaza, hawa wanasema amejitangaza. Nilisikiliza mabishano hayo wiki nyingi. Mtu aliyeuliza zile hati 36 zimekuwa mikataba mingapi, na mikataba imekuwa viwanda vingapi, nilimsikia kwa nadra mno.

Hati ya makubaliano si mkataba. Ni posa, si ndoa. Bunge lingeweza kabisa kuweka siku moja kwa mwaka, waziri anayehusika akasimama na orodha ya safari za miaka mitatu nyuma, safari baada ya safari: tulikwenda, tuliahidiwa hiki, kimefika au hakijafika, kimekwama kwenye meza ya nani. Miaka mitatu nyuma, si za mwezi uliopita, kwa sababu za mwezi uliopita bado ni picha.

Nilipokuwa nasubiri gari la kurudi, nilikaa chini ya mwembe na mzee mmoja aliyekuja mjini kutoka vijiji vya huko ndani, amebeba fenesi la kumpelekea binti yake. Nilimweleza mabishano ya Maili Moja. Alisikiliza yote, kisha akasema, "Sisi huku hatuwaoni wakipanda ndege, baba. Tunawaona wakishuka kwenye magari. Wanakuja na ramani." Nikamuuliza, je, wakija tena? Akasema, "Safari hii nitawaomba wanisomee hiyo ramani kwanza, polepole, mpaka nifike kwenye kisima." Gari likaja, nikamsaidia kupandisha fenesi.