Kinga ya kompyuta nayo huchakaa

Msikilizaji, programu ya kusaka virusi kwenye kompyuta hukamata hasa vile inavyovijua. Usipoisasisha, kirusi kilichotengenezwa wiki hii huenda kikapita bila kuulizwa. Na anayeumia si mwenye duka la kuchapisha nyaraka peke yake. Ni wewe pia uliyempelekea flashi yenye vyeti vyako.

Sasa tugeukie upande wa pili. Kusasisha hula bando, na bando ni pesa. Tena, Julai 2024, sasisho lenye kasoro la CrowdStrike, kampuni ya ulinzi wa kompyuta, liliangusha kompyuta zipatazo milioni 8.5 duniani, safari za ndege zikakwama. Hata hivyo, kampuni ililiondoa siku hiyohiyo. Mtengeneza virusi hana haraka hiyo ya kuondoa kirusi chake.

Kwangu mimi, kusasisha ni nafuu kuliko kuambukizwa. Swali ni hili: bando la kompyuta za shule na zahanati alipe nani?