Kiwiko Kinapouma: Je, Mawimbi ya Mshtuko Yanasaidia?



Unavuta wavu wa dagaa usiku kucha pale Kibirizi au Katonga, mkoani Kigoma, au unakamua mawese. Asubuhi, hata kukamua nguo au kuinua sufuria ni mateso, na maumivu yako upande wa nje wa kiwiko. Wataalamu huyaita kiwiko cha tenisi, ingawa wengi wanaougua hawajawahi kushika raketi. Kano zinazoinua kiganja zimechoshwa na kazi ya kurudiarudia.

Siku hizi kuna tiba ya mawimbi ya mshtuko. Mashine hupeleka mapigo ya nguvu kwenye kano kupitia ngozi, bila kisu. Teknolojia hii ilianza mwaka 1980 kule Munich, Ujerumani, kuvunja mawe ya figo. Kwa kiwiko, tafiti hazijakubaliana: wengine hupata nafuu, wengine hawaoni tofauti. Basi usiuze mtumbwi kuifuata.

Anza hivi: punguza kazi inayochochea maumivu. Kisha laza mkono mezani, kiganja kikining'inia ukingoni na kutazama chini. Kiinue kwa mkono wa pili, kishushe polepole. Wengi hupona ndani ya mwaka mmoja.

Ukihisi ganzi, uvimbe au homa, au ukiwa umeanguka, nenda kituo cha afya au Hospitali ya Maweni mapema.